Muyaka bin Haji: Nusu Karne Vinywani mwa Watu

Jumapili moja ya mwaka jana, baada ya alasiri, tulikusanyika nyumbani kwa marehemu sahibu yangu, katika mojawapo ya zile nyumba za ghorofa zilizosimama Hurlingham, hapa Nairobi, kando ya Barabara ya Argwings Kodhek. Ilikuwa siku ya arubaini yake. Hitima ilikwisha somwa, sinia zimeondolewa, kahawa inazunguka, ndipo mjane wake, ambaye ameniita shemeji tangu ujana wetu, aliponiomba niwasomee wageni shairi moja la marehemu.

Aliniomba mimi kwa sababu sahibu yangu hakuwa mtu wa kalamu. Alitunga akitembea, akanisomea, nami nikayashika. Daftari moja alilokuwa nalo lilipotea zamani katika kuhamahama nyumba. Kwa hiyo mashairi yake yapatayo thelathini hayakuwa popote pengine duniani ila kichwani mwangu.

Nikasimama. Ubeti wa kwanza ulitoka sawasawa. Wa pili ukatoka. Nilipofika mshororo wa pili wa ubeti wa tatu, ulimi uligoma. Nilirudi nyuma kama mtu atafutaye funguo gizani, nikaanza upya, nikakwama palepale. Watoto wa marehemu waliinamisha vichwa kwa adabu. Binti mkubwa akanifariji kwamba ami yake amechoka. Lakini mimi nilijua kuwa huo haukuwa uchovu. Usiku ule nililala nikiwa na fadhaa ya mtu aliyewekewa amana akaipoteza.

Hurlingham ni mtaa wa hospitali na zahanati, mtu hakosi pa kuulizia. Siku ya pili yake nikaenda kwa daktari. Alinipima, akanihoji maswali mengi, akaniambia kuwa sina maradhi. Kisha akataka kujua mara ya mwisho kulisoma shairi lile ilikuwa lini. Nikahesabu, nikaona imepita miaka kumi na moja. Akanieleza kuwa hapo ndipo penye taabu yangu. Akanipa mambo manne ya kufanya: nijaribu kukumbuka kabla ya kuangalia popote, nigawanye mazoezi katika siku nyingi badala ya kuyafanya kwa mkupuo mmoja, niyafungamanishe maneno na mahali ninapopajua, na nilale usingizi wa kutosha, kwani usingizini ndimo ubongo unamokaza yaliyojifunzwa mchana.

Nilicheka kimoyomoyo. Mengi ya hayo niliyafanya nikiwa mtoto wa miaka saba chuoni Mombasa, bila ya mtu kuniambia kuwa ni sayansi. Na nilipokuwa nikirudi kwa miguu chini ya mijakaranda, aliyenijia akilini alikuwa ni Muyaka bin Haji. Nadhani hapana mtu katika pwani yetu ambaye jina lake limeokolewa na kumbukumbu za watu kama yeye. Kwa hiyo, msomaji, hebu tumtazame Muyaka alikuwa nani, kisha tutazame alivyookoka.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa, ambayo sisi wenyewe twaiita Mvita, takriban mwaka 1776. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Mazrui. Ukoo huo ulitoka Oman, nao uliwekwa kuishika Ngome kwa niaba ya watawala wa Kiyaarubi. Lakini Mabusaidi walipoutwaa ufalme wa Oman katikati ya karne ya 18, Mazrui walikataa kuwatambua, wakautawala mji kwa ajili yao wenyewe. Muyaka basi alizaliwa katika mji uliokuwa umekwisha zoea kujitawala, na mapenzi ya uhuru huo yamo katika utungo wake wote wa kisiasa.

Kabla yake, utungo uliosifika sana wa Kiswahili ulikuwa ule wa kaskazini, wa Pate na Lamu: tenzi na kasida za dini, zenye maneno mazito na mafunzo ya Akhera. Muyaka hakulibuni shairi la mishororo minne, lakini ndiye aliyelishika mkononi akalifanyia kazi kila siku. Alitunga juu ya mapenzi na ndoa, dhiki na neema, safari na biashara, wivu na usuhuba. Alitunga mafumbo ya kuwapa kazi washairi wenziwe. Alitunga kwa Kimvita, lugha ya watu wa mtaani kwake, tena alitunga juu ya jambo la leo kabla halijawa la jana. Gazeti halikuwapo, redio haikuwapo. Shairi lilikuwa barua, tangazo na hotuba kwa wakati mmoja.

Hayo yalidhihirika zaidi wakati wa vita. Takriban mwaka 1812 Mazrui, wakishirikiana na watu wa Pate, waliivamia Lamu, wakashindwa vibaya ufukoni Shela. Hivyo ndivyo vita ambavyo katika tungo za zama zile vyaitwa vya Kuduhu. Kabla yavyo na baada yavyo, pande mbili hizo zilipigana kwa beti. Muyaka alisema kwa ajili ya Mvita. Upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na malenga, ambaye naye hakuacha neno lipite bila ya jibu. Majibizano hayo yalikusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika kitabu kilichotoka mwaka 1995. Ajabu yake ni kuwa pande zote mbili zimehifadhiwa, aliyeshinda na aliyeshindwa.

Baada ya Shela, watu wa Lamu walimwita Seyyid Said wa Oman awalinde, na tangu hapo Mombasa haikupata raha. Mwaka 1824 Mazrui walijitia chini ya bendera ya Uingereza kupitia kwa Kapteni Owen, lakini ilipofika 1826 bendera ile iliteremshwa. Mwaka 1828 Seyyid Said alikuja kwa merikebu zake, akaingia mjini, akaacha askari wake Ngomeni, nao wakatolewa na watu wa mji. Alirudi tena na tena katika miaka iliyofuata asifaulu. Muyaka yumo humo mote, akiwatia moyo watu wake, akimkejeli adui, na mara nyingine akiwaonya wakubwa wa mji wenyewe kwamba fitina ya ndani huzidi mizinga ya nje.

Onyo hilo lilisadifu. Mwaka 1837 mji uliingia mikononi mwa Seyyid Said kwa sababu Mazrui walikuwa wamegawanyika. Wakubwa wao walikamatwa wakapelekwa uhamishoni, wasirudi. Wengine walikimbilia Gazi na Takaungu. Muyaka wakati huo alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Aliuona mji alioutetea umri wake wote ukibadilika bwana. Alifariki takriban mwaka 1840.

Hapa ndipo mimi hupenda kusimama na kufikiri. Mtu amekufa. Wale mabwana aliokuwa akiwatetea wameondolewa. Ushairi wake wa kisiasa haumpendezi mwenye kutawala. Hakuna kitabu kilichopigwa chapa. Je, mashairi yale yalikuwa na tamaa gani ya kuishi?

Yaliishi vinywani. Yaliishi zaidi ya miaka arubaini, karibu nusu karne, mpaka alipotokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa. Mengine aliyajua yeye mwenyewe, mengine aliyakusanya kwa watu wa mji, akayaandika kwa hati za Kiarabu. Aliyeshirikiana naye ni mmishenari Mwingereza, William Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880 na kuzama katika Kimvita kuliko wageni wengi. Taylor aliyageuza katika hati za Kizungu na kuyaandikia maelezo aliyopewa na Mwalimu. Mwaka 1890 Mwalimu Sikujua alifariki. Makaratasi yakaishia London, katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika. Mwaka 1940 William Hichens aliyatoa mashairi mengi yakiwa diwani, iliyochapwa Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa hapa hapa mjini kitabu kikubwa juu ya Muyaka na ushairi wake. Kwa hivyo mtoto wa Nairobi leo aweza kumsoma Muyaka kwa sababu mwalimu mmoja aliwahi kuandika kabla ya kufa. Lau angelitangulia miaka kumi, sijui tungelikuwa na nini.

Sasa niruhusu, msomaji, nikuvushe bahari kidogo. Katika miaka ileile ambayo Mwalimu Sikujua alikuwa akiyaandika mashairi ya Muyaka Mombasa, Mjerumani mmoja alikuwa Berlin akijifungia chumbani kwa kazi iliyo kinyume kabisa na hiyo. Jina lake Hermann Ebbinghaus, aliyezaliwa 1850 na kufa 1909. Alitaka kupima usahaulifu kama mtu apimavyo kitambaa. Ili maana isimsaidie, alitunga silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akazipanga mistari mistari, akawa anazihifadhi yeye mwenyewe, huku akihesabu marudio na muda. Alifanya hivyo mwaka 1879 na 1880, akarudia tena 1883 na 1884, na 1885 akatoa kitabu chake juu ya kumbukumbu.

Alikipima kile alichokibakiza kwa namna ya akiba: kama kujifunza mara ya pili kulimpunguzia taabu kiasi gani. Baada ya dakika 20 akiba ilikuwa asilimia 58. Baada ya saa moja 44. Baada ya siku moja 34. Baada ya mwezi 21. Yaani hasara kubwa huja mwanzo kabisa, kisha yaliyobaki hupotea polepole. Mwaka 2015 watafiti wa Amsterdam walilirudia jaribio lake wakaona mambo yanakwenda vilevile.

Lakini mambo mawili mengine aliyoyaona ndiyo yanayotuhusu sisi. La kwanza, alipoacha silabi zake akahifadhi beti za mshairi Byron, alihitaji karibu sehemu moja tu katika kumi ya ile jitihada. La pili, marudio 38 aliyoyagawanya katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mkupuo mmoja.

Tuyachukue hayo turudi nayo Mvita. Shairi la Muyaka lina mishororo minne. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na kina katikati na kina mwisho. Mtu akilisahau neno, shairi lenyewe humwambia neno hilo lina mizani mingapi na linaishia na sauti gani. Ni kama kanzu iliyokatika kifungo: tundu linakuonyesha kifungo cha ukubwa gani kinatakiwa. Wanasayansi husema pia kuwa akili haiwezi kubeba vitu vingi vilivyotawanyika, bali huvifunga mafungu mafungu. Muyaka amekwisha kukufungia: nane, nane, kituo.

Pili, mashairi yale hayakusomwa mara mia kwa siku moja yakaachwa. Yalitajwa leo barazani, wiki ijayo harusini, mwezi ujao chomboni katika safari, na tena mwakani jambo kama lile litokeapo. Huko ndiko kugawanya mazoezi ambako daktari wangu wa Hurlingham aliniagiza.

Tatu, yalikuwa ni maswali na majibu. Mtu akitupa ubeti, mwenziwe hana budi kuuchimbua mwingine kutoka kichwani, mbele ya watu, bila ya karatasi. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu kukumbuka mara tatu bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojijaribu walikumbuka asilimia 61, na wasomaji wale asilimia 40. Kutafuta kichwani ndiko kunakokaza, ijapokuwa kunachosha na mtu hujiona hajui.

Nami nikakumbuka chuo chetu. Mwalimu alituandikia ubaoni, tukasoma, na tulipodhani tumeshika ubao ulioshwa. Maji yaliondoka na wino, somo likawa halina pa kukaa ila kifuani. Kila asubuhi, kabla ya somo jipya alitaka la jana, na kila Jumatano tulidurusu ya wiki nzima. Nilikuwa nikiuchukia ule ubao unapooshwa. Leo naona kuwa maji yale yalikuwa nusu ya mafunzo.

Hata hivyo nisiitie kumbukumbu chumvi. Mashairi ya Muyaka hayakutufikia salama yote. Mengine yana namna mbili au tatu za kusomwa, mengine watu hubishana kama ni yake. Vina na mizani hulinda urefu na mlio, havilindi maana. Neno likipotea, akili hutia jingine lenye kina kilekile, na mwenyewe huapa kuwa ndilo. Mwingereza Frederic Bartlett alilionyesha jambo hili katika kitabu chake cha 1932: watu waliopewa hadithi ngeni waliirudia wakiibadilisha ilingane na mambo waliyoyazoea, wala hawakujua kuwa wamebadilisha. Ndiyo maana Mwalimu Sikujua alihitajiwa. Kumbukumbu iliyabeba mashairi, na kalamu ikayazuia yasizidi kugeuka.

Basi nikaanza kazi yangu. Lile agizo la kufungamanisha maneno na mahali ni la kale, Wayunani walilijua, na mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa watu wa kawaida waliolizoea kwa wiki sita, nusu saa kila siku, waliongeza zaidi ya maradufu idadi ya maneno waliyoyakumbuka. Mimi nililitumia katika njia nipitayo kila siku. Kwenye kituo cha matatu za nambari 46 niliweka ubeti wa kwanza. Kwa muuza matunda niliweka wa pili. Kwenye kibanda cha fundi viatu niliweka wa tatu, ule mkaidi. Langoni kwa bawabu wa nyumba yetu niliweka wa nne. Kila nikipita nilijilazimisha kuutaja ubeti kabla ya kuvuka pale mahali. Lililonikataa leo nilirudi nalo kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Njia ile haiwezi kurudisha lililokwisha toweka, lakini ilinionyesha kuwa mengi hayakutoweka. Yalikuwa yamelala tu. Yale yasiyoamka niliyafuata kwa wenye nayo, kama alivyofanya Mwalimu Sikujua. Nilimpigia simu mzee mmoja wa Mji wa Kale, mwenzetu wa baraza za zamani, naye akanipa mishororo mitano papo hapo, na wa sita akanipigia usiku wa manane ulipomjia. Jamaa wa marehemu aliyeko Muscat alinitumia sauti yake akisoma shairi zima ambalo mimi nilikuwa na ubeti wake mmoja tu. Na ule mshororo ulioniaibisha siku ya arubaini, ulirudi asubuhi moja kwa fundi viatu, nikasimama njiani watu wakinipita.

Mpaka leo nimeandika kumi na tisa yakiwa kamili. Sita yana mapengo, na penye pengo nimeacha nukta, sikutia neno langu. Matano yaliyobaki nina mwanzo wake tu. Nimeona ni afadhali watoto wa marehemu warithi pengo la kweli kuliko kiraka changu chenye kina kizuri.

Binti mkubwa ndiye anayeyanakili sasa. Kila Jumamosi huja na daftari jipya, akalikumbatia nisilione, akanitajia kichwa cha shairi, na kunitaka nianze. Nikikwama hanisaidii upesi. Hungoja, kama alivyokuwa akingoja mwalimu wangu. Jumamosi iliyopita nilimgeuzia yeye, nikamtaka anisomee lile la arubaini. Akafumba macho, akalisoma lote, na katika ubeti wa tatu hakusita.